Karani wa Muda na Ripoti ya Kazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida)



Tumealikwa kusema juu ya mambo mawili: namna ya kuipima kazi ya mtumishi katika idara ya Serikali, na desturi ya kuajiri watu kwa muda. Katibu alipotuandikia aliyaweka katika mistari miwili, kana kwamba la kwanza ni la wakuu wa idara na la pili ni la mhasibu. Sisi twaona kuwa ni jambo moja. Mahali ambapo ripoti ya kazi haisemi kweli, hapo ndipo karani wa muda huzaliwa, tena hapo ndipo hukaa miaka hata akazeeka na jina lake la muda. Hilo ndilo tutakalojaribu kulionyesha. Na kwa kuwa limo mikononi mwetu sisi makarani kama lilivyo mikononi mwa wakubwa, twawaomba wanachama watuvumilie maneno yakiwa machungu.

Wazee wetu waliostaafu wanaikumbuka ripoti ya siri. Kila mwaka mkuu wa kazi aliketi peke yake, akaandika juu ya karani wake kwamba ni mwaminifu au si mwaminifu, mwepesi au mzito, kisha akaifunga bahasha ikaenda zake. Aliyeandikwa hakuulizwa neno. Aghalabu alikisia yaliyoandikwa kwa kuona wenzake wamepanda daraja naye yuko palepale. Tena ripoti hiyo iliitazama tabia ya mtu kuliko kazi yake, maana mwanzoni mwa mwaka hapakuwa na karatasi iliyosema karani huyu atazamiwa kufanya hili na hili.

Mwezi wa Julai 2004 Serikali yetu iliiacha njia hiyo, ikaleta Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ulioitwa kwa kifupi MWAMTUKA, ingawa maofisini watu walizoea kuutaja kwa herufi za Kiingereza, OPRAS. Kwa fomu ile mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kuketi pamoja mwezi wa Julai, mwaka wa fedha unapoanza, wapatane malengo; mwezi wa Desemba watazame walipofika; mwezi wa Juni watoe alama, kuanzia 1 iliyo ya juu kabisa hata 5 iliyo ya chini kabisa. Mtumishi alijipa alama yake, msimamizi akatoa yake, wakatafuta ile wanayoafikiana, na nafasi iliwekwa ya mtu wa tatu kushuhudia akiwapo. Hakika aliyeitunga fomu ile aliwatakia watumishi mema.

Lakini ninyi nyote mwajua yaliyoipata. Katika idara nyingi tuzijuazo fomu ilikaa kabatini hata siku mtu alipotaka kupandishwa daraja. Hapo ndipo ilipotafutwa kwa mbio, na Julai, Desemba na Juni zikakutana katika alasiri moja, kwa kalamu moja na wino mmoja. Na alama iliyoandikwa ilikuwa 2. Kwa nini 2? Kwa sababu 1 ni majivuno, na 3 ni kumkosea mtu heshima. Basi watu wote wakawa 2, yule afikaye saa moja na nusu asubuhi na yule ambaye koti lake hufika kabla yake likatundikwa kitini.

Msidhani twamcheka msimamizi. Yeye na anayemsimamia wanakaa mtaa mmoja, wanazikana, wanachangiana harusi. Kumwandikia mtu kama huyo alama 4 ni kama kumtahayarisha mbele ya wakwe zake. Haya ni kitu chema, na nchi isiyo na haya haikaliki. Walakini haya ikiingia katika daftari la kazi huwa na gharama yake, na sisi tumekuwa wepesi kudhani kwamba gharama hiyo hailipwi na mtu. Inalipwa. Kazi ambayo mtu wa alama 2 hakuifanya haiondoki mezani. Hungoja mkono mwingine.

Tuchukue idara moja, ambayo hatutaitaja jina. Masijala yake ilikuwa imejaa hata majalada yakapangwa sakafuni. Akaitwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, kwa miezi mitatu, ayapange. Miezi mitatu ikaisha, akaongezwa mingine mitatu, kisha mingine. Barua ileile ilichapwa upya, zikabadilishwa tarehe tu. Baada ya mwaka barua yenyewe ikasahauliwa, kijana akabaki. Alifungua majalada, akayasajili, akayapeleka kwa maofisa na kuyarudisha, akajua kwa kichwa lipi limo kabati lipi. Karani mwenye cheo cha kazi hiyo, mwenye mshahara wa kila mwezi na michango ya pensheni, aliandika katika malengo yake: kufungua, kusajili na kusambaza majalada kwa wakati. Mwezi wa Juni alipata 2. Siku wakaguzi wa hesabu walipofika wakataka jalada la mkataba wa zamani, karani huyo alitoka mbio kwenda kumtafuta kijana kwenye kibanda cha chai. Jalada lilipatikana kabla chai haijapoa.

Mwaka wa nne ikatangazwa nafasi ya kazi iliyotaka mtu mwenye uzoefu wa masijala. Kijana akafurahi. Akaomba ofisini barua ya kuthibitisha kazi yake, naye akapewa barua ya mistari mitatu iliyosema kwamba alikuwa “akisaidia shughuli ndogo ndogo za ofisi.” Shughuli ndogo ndogo! Barua hiyo haikuwa na uongo mkubwa. Aliyeiandika alipekua kumbukumbu za idara, na katika kumbukumbu za idara kazi yote ya miaka minne ilikuwa imefanywa na mtu mwingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twampa jembe siku ya kwanza, na ugeni haumtoki hata mwaka wa nne.

Yafaa tukumbuke asili ya neno tunalolitumia kwa dharau. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti kidogo, na kwa cheti hicho alidai ujira wake. Baadaye jina la cheti likamshika mtu mwenyewe. Katika mashamba ya Kenya na Tanganyika za ukoloni ilikuwapo kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikatiwa alama, na zilipotimia zote mshahara ukalipwa. Hatusifu desturi hiyo, ilikuwa na dhuluma nyingi. Lakini angalia jambo moja: mtu yule alikuwa na karatasi yenye jina lake, na siku zake zilihesabiwa kwake mwenyewe. Karani wetu wa muda hana hata hiyo kadi.

Wala si sisi wa kwanza kuwaweka watu wa kalamu katika hali hiyo. Uingereza, ambako desturi nyingi za ofisi zetu zilitoka, mwaka 1871 makarani wa kunakili waliwekwa katika malipo ya saa, peni 10 kwa saa, ilhali walioketi nao chumba kimoja walikuwa na mishahara ya mwaka. Manung’uniko yao yakawa makubwa hata Bunge likaunda kamati ya kuyachunguza mwaka 1873. Makarani wale walijua kwamba lalamiko lisiloandikwa huishia mlangoni.

Sasa tufike kwenye fedha, maana pasipo kujua fedha zatoka wapi hatutaelewa kwa nini jambo hili ni gumu. Mshahara wa mtumishi wa kudumu hutoka katika fungu la mishahara, na kiti chake kimo katika ikama. Ili kiti kipya kiongezwe, mwajiri hana budi kukiombea katika ikama na bajeti, kisha apate kibali kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, ndipo nafasi itangazwe na usaili ufanywe. Njia hiyo ni ndefu, na si vibaya kwamba ni ndefu. Lakini mtu wa muda kwa kawaida hulipwa kutoka Matumizi Mengineyo, au katika halmashauri kutoka mapato ya ndani. Matumizi Mengineyo ni fungu lilelile linalonunua karatasi, wino wa mashine na mafuta ya gari. Basi binadamu huyu ameandikwa katika safu moja na petroli, na gari likisafiri sana, yeye hungoja.

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 fomu za karatasi zimeachwa, na mahali pake pana mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Mtumishi huingiza majukumu yake humo, huandika hatua alizofikia, na msimamizi wake huyapitia. Ni mfumo mzuri kuliko ule wa alasiri moja, kwani kompyuta huandika tarehe yenyewe bila kuona haya. Ila mlango wake hufunguliwa kwa cheki namba, na cheki namba hutokana na orodha ya mishahara. Asiyemo katika orodha hiyo hana mlango. Kazi aliyoifanya itaingia, maana lazima iingie, lakini itaingia kwa cheki namba ya mtu mwingine.

Hapa, wanachama, twaomba masikio yenu yote. Mnapoandika kazi ya karani wa muda kama yenu, mwadhani mnajipatia alama tu. Mnafanya zaidi ya hapo. Mnaiambia Serikali kwamba watu watatu waliomo katika ikama wanatosha kuimaliza kazi ya watu watano, tena kwa alama nzuri. Mkuu wa idara atakapoomba kiti kipya, atajibiwa kwa hesabu zetu wenyewe: idara yako yatenda vyema, wataka mtu wa nini? Nafasi haitoki. Kwa kuwa haitoki, mtu wa muda huongezwa miezi mitatu tena. Na siku fedha za Matumizi Mengineyo zitakapopunguzwa, ataambiwa aende nyumbani, na kazi ya watu watano itaangukia watatu, ambao kwa miaka mingi wamethibitisha kwa maandishi kwamba wanaiweza. Nani atawasikia wakisema wamelemewa?

Mwaka 2016 nchi yetu iliwatafuta watumishi hewa, na mwezi wa Juni mwaka huo ajira mpya na kupandishwa vyeo vikasimamishwa kwa muda. Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa vyeti ikaonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Hatuna neno la kuwatetea. Lakini viti vilibaki vitupu na majalada hayakupungua, na mkuu wa idara aliyemwita kijana wa mtaani amsaidie hakuwa na hila. Huo ndio ukweli wa upande wake. Hata hivyo twaona ajabu moja. Mtumishi hewa alikuwa jina lisilo na mtu. Huyu wa muda ni mtu asiye na jina. Katika yote mawili daftari halisemi kweli, na Serikali imefanya bidii kubwa kulisahihisha la kwanza tu.

Hatusemi kuajiri kwa muda ni kubaya. Kazi nyingine ni za muda kwa asili yake. Sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 isingewezekana kwa watumishi wa kudumu peke yao. Wakatakiwa makarani wengi wa muda, nafasi zikatangazwa, watu wakaomba na kuchaguliwa, wakafundishwa, kila mmoja akapewa eneo lake la kuhesabia na msimamizi wa kumwuliza. Kazi ikawa na mwanzo na mwisho, na matokeo yake yakatangazwa kwa hesabu kamili, watu 61,741,120. Karani wa sensa anaweza kusema nilifanya kazi hii, mahali fulani, tarehe fulani, na asikanushwe. Kipimo chetu na kiwe hicho. Kama kazi ina mwisho unaojulikana, aajiriwe mtu wa muda. Kama haina mwisho, kama masijala isivyo na mwisho, basi hiyo si kazi ya muda hata ukiiandikia barua ya miezi mitatu mara ishirini.

Jirani zetu wa Kenya wameliweka jambo hili katika sheria. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Bila shaka mkuu mjanja aweza kumpumzisha mtu siku chache ili hesabu ivunjike. Lakini mtu aliyepumzishwa kwa hila ana mahali pa kwenda kushtaki, na hilo si haba.

Tumesikia wanachama wawili watatu wakisema, tena si kwa kunong’ona: “Tukimwandikia huyu kijana ripoti nzuri, tutakuwa tumemfundisha kukalia kiti chetu.” Neno hilo tumelifikiri sana. Twajibu kwamba mtu anayeifanya kazi yako yote amekwisha kukalia kiti chako. Kilichobaki kwako ni mshahara. Na mwenye kuifanya kazi yake mwenyewe ataogopa nini? Wengine wamesema kwamba hawa wa muda ni watoto wa ndugu za wakubwa, walioletwa kwa mlango wa nyuma, wasistahili kusaidiwa. Wamo, hatukatai. Ndiyo sababu twataka karatasi. Mpwa wa mkubwa asiyefanya kazi ndiye anayefaidiwa na ukimya. Akidaiwa ripoti ya kila robo mwaka ataondoka mwenyewe bila kufukuzwa.

Twajua pia kwamba chama hiki hakina uwezo wa kutoa vibali wala fedha. Lakini Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali kule Tanga mwaka 1922, hawakuwa na uwezo huo pia. Walikuwa na kalamu, na walijua namna ya kuandika barua ambayo mkubwa hawezi kuiacha bila kujibu. Kalamu hiyo ingali mikononi mwetu.

Kwa hiyo twaleta maombi haya mbele ya mkutano. Kwanza, kila mwanachama mwenye mtu wa muda chini yake ampe karatasi moja, yenye kazi anayotakiwa kufanya, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kila robo mwaka aandike chini yake kilichofanyika, vyema au vibaya, mwenyewe akisoma na kutia sahihi. Hakuna sheria inayomkataza msimamizi kufanya hivyo, wala hahitaji kibali cha mtu. Pili, mwanachama asiingize katika PEPMIS kazi asiyoifanya. Na kazi iliyofanywa na mtu wa muda itajwe hivyo mahali pa maelezo, ili anayesoma ajue idara inasimama kwa miguu mingapi. Tatu, pale mtu wa muda anapopita miezi sita katika kazi isiyo na mwisho, mwanachama aandike dokezo kwa mkuu wake, kwa adabu, kwamba kiti hiki kiombewe ikama katika bajeti inayofuata. Na nakala ya dokezo ikae jaladani, maana wakubwa huhamishwa na majalada hubaki.

Liko la nne, ambalo Kamati haikuliafiki lote, nasi twalileta kwa idhini ya Mwenyekiti: kwamba makarani wa muda waruhusiwe kuhudhuria mikutano hii, kwa ada nusu, bila kura. Baadhi ya wanakamati waona chama ni cha watumishi walioajiriwa, na mpaka ukivunjwa leo hatujui utaishia wapi. Hoja hiyo ina uzito, na wenye kuishika wataeleza wenyewe baada yetu. Sisi twasema tu kwamba usiku huu, Bwana Mwenyekiti, viti hivi vilipangwa, taa zikawashwa na karatasi za ajenda zikachapwa na kijana ambaye sasa amesimama nje barazani, kwa kuwa kanuni zetu hazimruhusu kuingia.

Nakala za karatasi ya mfano ziko kwa Katibu, mezani karibu na mlango. Zimechapwa hamsini, asiyepata aandike jina lake katika daftari naye atapelekewa kabla ya mwisho wa mwezi.